Jeni ya OCA2 na Asili ya Ualbino

Mtoto mwenye ualbino anapozaliwa na wazazi wenye ngozi nyeusi, iwe ni Iramba, Manyoni, Ikungi au kwingineko nchini, swali la kwanza huwa moja: rangi hii imetoka wapi? Mara nyingi jibu hutolewa kabla mtaalamu wa afya hajaulizwa. Mama hushukiwa kutoka nje ya ndoa, ukoo husemwa kuwa una laana, na wakati mwingine baba humkana mtoto. Sayansi ina jibu jingine, nalo limefahamika tangu miaka ya 1990. Nchini Tanzania, ualbino hutokana kwa sehemu kubwa na hitilafu katika jeni moja iitwayo OCA2, na mtoto huipokea hitilafu hiyo kwa mama na kwa baba kwa kiasi kilekile.

Kazi ya jeni hii

Jeni ya OCA2 iko katika kromosomu ya 15. Hubeba maelekezo ya kutengeneza protini yenye asidi amino 838, inayojulikana kama protini P. Protini hiyo hukaa katika utando wa melanosomu, yaani vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho.

Ndani ya vifuko hivyo, kimeng'enya kiitwacho tairosinezi hubadilisha asidi amino ya tairosini kuwa melanini. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi vizuri penye asidi nyingi. Protini P husaidia kupitisha chembe za kloridi kwenye utando na hivyo kupunguza ukali wa asidi ndani ya kifuko. Protini hiyo ikikosekana, tairosinezi huwepo lakini hushindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Hii ndiyo sababu watu wengi wenye ualbino wa aina hii hawakosi rangi kabisa: nywele zao huwa za manjano, na baadhi hupata madoadoa ya kahawia kwenye ngozi.

Hitilafu ya kale

Mwaka 1995 watafiti waliochunguza vinasaba vya Watanzania wenye ualbino walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba takriban robo tatu ya nakala zenye hitilafu zilikuwa na kasoro ileile: kipande cha jozi za besi zipatazo 2,700 kimekatika katika jeni ya OCA2. Kasoro hiyohiyo imeonekana Afrika Kusini, Zimbabwe, Kameruni na miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika.

Ni vigumu mno kwa kipande kilekile kukatika mahali palepale mara nyingi, katika nchi mbalimbali. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kasoro hiyo ilitokea kwa mhenga mmoja wa kale, kabla wasemaji wa lugha za Kibantu hawajaenea katika bara hili, kisha ikarithiwa kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo si jambo lililoingia katika ukoo fulani jana kwa kosa la mtu.

Jinsi inavyorithiwa

Kila mtu ana nakala mbili za OCA2, moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja nzima hutosha kutengeneza rangi. Mwenye nakala moja yenye hitilafu huwa na ngozi ya kawaida, asijue kwamba anaibeba. Wabebaji wawili wakioana, kila ujauzito una uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Uwezekano huo haupungui wala hauongezeki kwa sababu ya mtoto aliyetangulia.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 umekuwa msingi wa makadirio ya mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila watu 1,400. Kwa kanuni za urithi, uwiano huo una maana kwamba takriban mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Iwapo uwiano huo utatumika kwa Mkoa wa Singida, wenye watu wapatao milioni mbili, wabebaji watazidi laki moja. Wengi wao hawatapata kamwe mtoto mwenye ualbino, kwa kuwa wenzi wao si wabebaji. Baba anayemkana mtoto wa aina hii kwa sababu ya rangi huwa anakana ushahidi wa nakala yake mwenyewe.

Jeni moja, mazingira tofauti

Jeni ya OCA2 haiko kwa binadamu tu. Ilitambuliwa kwa msaada wa panya wenye macho mekundu, ambao jeni yao inayolingana nayo ina kasoro. Kwa watu wengi wenye asili ya Ulaya, badiliko dogo katika jeni jirani ya HERC2 hupunguza utendaji wa OCA2 machoni, na macho yakawa ya buluu. Nchini Meksiko kuna samaki waishio katika mapango yenye giza ambao wamepoteza rangi kwa hitilafu za jeni hiyohiyo, na huko mapangoni hawadhuriwi na jua.

Mfano wa samaki hao unafundisha jambo muhimu: madhara ya kukosa melanini hutegemea mahali kiumbe anapoishi. Singida si pango. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na wakazi wengi wa mkoa hulima alizeti, mtama na vitunguu katika mashamba yenye vivuli vichache. Miale ya urujuanimno hufika hapo kwa nguvu.

Madhara na kinga

Kwa macho, upungufu wa melanini huzuia sehemu ya katikati ya retina kukua kikamilifu. Mtoto huona kwa shida, macho humchezacheza na mwanga humuumiza. Miwani husaidia kwa kiasi tu. Kwa hiyo akae mbele darasani na apewe maandishi makubwa. Akili yake haina upungufu.

Kwa ngozi, hatari kubwa ni saratani, hasa ile ya seli bapa. Utafiti huo wa Dar es Salaam, uliohusisha watu 350, ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 20 wote walikuwa na saratani au dalili zinazoitangulia. Hata hivyo, saratani hii huweza kuzuilika. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kazi za shamba asubuhi na jioni, na losheni ya kukinga jua hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Losheni ya Kilisun hutengenezwa hapa nchini, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi. Kinga ianze utotoni, ngozi ikaguliwe angalau mara mbili kwa mwaka, na kidonda kisichopona kwa wiki nne kionwe na daktari bila kusubiri.

Viungo vya mtu mwenye ualbino havina utajiri wala bahati ndani yake. Tofauti yake na wengine ni nakala mbili za jeni ambazo baadhi ya jirani zake wanabeba moja. Familia inayolielewa hilo haina sababu ya kumtafuta mchawi wala kumlaumu mama. Ina sababu ya kununua kofia mapema.