Mshale na Tarakimu: Kubadilisha Vipimo vya Injini katika Ndege Ndogo



Mkaazi wa Dallas au Houston ameshazoea mngurumo wa ndege kubwa, hata haumshughulishi tena. Lakini viko viwanja vingine ambavyo wengi wetu twavipita kwa gari bila ya kuvitupia jicho: Addison kaskazini ya Dallas, Meacham mjini Fort Worth, Hooks kaskazini-magharibi ya Houston, na Pearland upande wa kusini. Humo zimepangwa ndege ndogo za injini moja, zenye viti viwili au vinne, na nyingi katika hizo zina umri mkubwa kuliko wanaozirusha. Sababu yake ni kwamba kampuni ya Cessna, ambayo ndege yake ya namba 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, ilisimamisha uundaji wa ndege za injini moja ya pistoni mwaka 1986, na haikurejea kazini hadi mwaka 1996. Kwa hivyo zile za miaka ya 1960 na 1970 ziliendelea kutengenezwa, kupakwa rangi upya na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na zinaruka mpaka leo.

Jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Tarrant County College hufundisha ufundi wa ndege katika kituo chake kilichopo kando ya uwanja wa Alliance, kaskazini ya Fort Worth. Huko Houston, Texas Southern University ina somo la usafiri wa anga. Kijana wa jamii yetu akishika mojawapo ya njia hizi, au watu wanne wakichanga fedha kununua ndege moja kuukuu, hawakai muda mrefu kabla ya kukutana na swali: je, tuving'oe vipimo vya mviringo vya mishale na kutia skrini moja ya dijitali? Gharama yake si mamia bali maelfu ya dola. Na linalopimwa si fedha pekee, kwani baina ya Dallas na Houston ni mwendo wa karibu saa mbili kwa ndege kama hiyo, na baina ya Huntsville na Conroe chini yako ni msitu mtupu. Injini ikizima hapo, pa kutua ni padogo.

Tuanze na kinacholazimishwa na sheria. Ndege ya namna hii, yenye injini inayopozwa kwa upepo, ikiruka mchana hutakiwa kuwa na kipimo cha mizunguko ya injini, kipimo cha msukumo wa oili, kipimo cha joto la oili, na kipimo cha petroli kwa kila tangi. Basi. Joto la silinda zenyewe, ambazo ndizo zinazoungua, halimo katika orodha hiyo. Ndege nyingi za zamani ama hazina kipimo chake, ama wanacho cha silinda moja tu kati ya nne.

Vipimo vya kale ni vitu vya kustaajabisha kwa wepesi wake. Msukumo wa oili hupimwa kwa kibomba kilichopindwa mithili ya mwezi mwandamo, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849: oili ikisukuma kwa ndani, kibomba hujaribu kunyooka, nacho huvuta mshale. Mizunguko ya injini huletwa na waya unaozunguka ndani ya ala yake, sawasawa na kipimo cha mwendo katika magari ya zamani. Vipimo hivi viwili havitaki umeme hata kidogo. Betri ikifa na jenereta ikifa, injini yenyewe huendelea kwa magneto zake, na mishale hiyo nayo huendelea kusema.

Lakini tazameni jambo hili. Ili kibomba cha Bourdon kifanye kazi yake, oili ya moto yenyewe hupitishwa kwa mrija mwembamba kutoka kwenye injini, ikapenya ukuta wa kuzuia moto, ikafika nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya rubani. Katika baadhi ya ndege hata petroli hupitishwa hivyo hivyo. Mrija uliochakaa kwa miaka 50 ukipasuka, kilichotakiwa kubaki upande wa injini huingia chumbani mwa abiria. Kipimo cha dijitali huiondoa hatari hii kabisa, kwa kuwa kihisio hubaki upande wa injini na kinachovuka ukuta ni waya wa umeme tu. Kwa maoni ya mwandishi, hii peke yake ni hoja nzito kuliko uzuri wote wa rangi za skrini.

Faida ya pili ni kwamba kila silinda hupata ulimi wake. Katika kila kichwa cha silinda na katika kila mdomo wa bomba la moshi hutiwa kijiti cha metali mbili tofauti zilizounganishwa. Metali hizo zikipata joto huzaa umeme mdogo, jambo lililojulikana tangu mwaka 1821 kwa utafiti wa Mjerumani Seebeck. Hapa Texas, ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 100 za Fahrenheit, ndege inayopaa adhuhuri hupata hewa nyepesi isiyopoza vizuri. Kikomo cha joto la kichwa cha silinda kwa injini nyingi za Lycoming ni nyuzi 500, lakini kampuni yenyewe hushauri isizidi 435 katika safari, ili injini iishi umri wake. Mwenye kipimo cha silinda moja anaweza kuwa anatazama ile iliyo baridi kuliko zote, ilhali ya nne inaungua kimya kimya.

Tena skrini hizi huandika. Kila baada ya sekunde chache huhifadhi namba zote, na baada ya safari fundi huzisoma. Mafundi wamejifunza, kwa mfano, kwamba valvu ya kutolea moshi ikianza kuungua ukingoni, joto la moshi wa silinda ile hupanda na kushuka polepole kwa mpangilio maalumu huku zingine zimetulia. Jicho la rubani haliwezi kuyaona hayo, lakini kumbukumbu huyaonyesha, na valvu ikabadilishwa ardhini badala ya kukatika angani.

Ingelikuwa mambo yanaishia hapa, tungelisema kila mtu na abadilishe. Lakini kuna habari ya tarehe 8 Januari 1989, ambayo kila anayetaka kung'oa mishale anafaa aijue.

Usiku huo ndege ya Boeing 737-400 ya shirika la British Midland ilikuwa ikitoka London kwenda Belfast. Ilikuwa mpya kabisa. Katika aina hiyo vipimo vya injini vilikuwa vimebadilishwa: badala ya mishale mirefu inayokata uso wa kipimo, ziliwekwa alama fupi za taa zinazozunguka pembezoni, na tarakimu katikati. Ubapa mmoja wa feni ya injini ya kushoto ulivunjika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Kipimo cha mtetemo cha injini ya kushoto kilionyesha juu kabisa, na kilisema kweli. Lakini kilikuwa kidogo, na katika ndege za zamani vipimo vya mtetemo vilikuwa na sifa ya kutoaminika. Marubani waliizima injini ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtikisiko ukapungua, wakadhani wamepatia. Walipokaribia uwanja wa East Midlands injini iliyovunjika ikashindwa, na ndege ikaanguka kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth. Walikuwamo watu 126, na 47 kati yao walifariki.

Wachunguzi hawakusema kwamba vipimo vipya vilidanganya. Walisema kwamba marubani hawakuwa wamefanya mazoezi navyo katika mashine ya kuigiza urukaji, na kwamba marubani wengi wa ndege hizo walipoulizwa walieleza kuwa alama mpya hazivuti jicho kama mshale wa zamani pale jambo linapobadilika kwa haraka.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulifahamu hili kuliko wengine. Wazee wetu wakitazama saa ya ukutani, akrabu ndogo ikiwa juu ya 8, hawahesabu kitu. Jicho huvuka uso wa saa hadi upande wa pili, likakuta 2, na ni saa mbili asubuhi. Ni mahali, si namba. Wape saa ya tarakimu iliyoandikwa 8:00, na sasa inabidi watoe sita. Hesabu ni ile ile, lakini imehama kutoka jichoni ikaingia akilini, na akili ya rubani wakati wa dharura ina mengine ya kufanya. Mshale wa oili uliolala kushoto huonekana hata na asiyeutazama. Tarakimu 38 iliyoshuka kutoka 72 haionekani mpaka isomwe. Ndiyo maana skrini nzuri za leo huchora mshale au nguzo ya rangi pamoja na tarakimu, na huwasha taa ya onyo pindi mpaka unapovukwa. Mnunuzi anayechagua skrini yenye tarakimu tupu kwa kuwa ni rahisi, huyo amenunua nusu ya kitu.

Ama kuhusu sheria, kuna tofauti ambayo wauzaji hawaitaji kwa sauti kubwa. Kipimo cha dijitali kinaweza kuwa cha kushauri tu: unaruhusiwa kukiongeza, lakini vile vya zamani vinavyotakiwa na sheria lazima vibaki mahali pake na vifanye kazi. Au kinaweza kuwa kimeidhinishwa kuchukua nafasi yao. Hiki cha pili huja na cheti cha nyongeza kutoka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kinachotaja aina ya ndege, na mstari mwekundu na wa kijani juu ya skrini hutakiwa ulingane na kitabu cha ndege hiyo hiyo. Kisha hujazwa fomu namba 337, nakala moja kwa mwenye ndege na nyingine Oklahoma City, na kazi huidhinishwa na fundi mwenye mamlaka ya ukaguzi au karakana yenye leseni. Fundi wa kawaida anayetaka leseni zote mbili, ya bodi na ya injini, hutakiwa awe na miezi 30 ya kazi au amalize chuo kinachotambulika, kisha afanye mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo. Pia atakiwa kusoma, kuandika na kusema Kiingereza. Kijana anayetia saini katika daftari la ndege anatia jina lake juu ya roho za watu.

Asiyeona haja ya ukali huu na aangalie yaliyotokea tarehe 6 Agosti 2005. Ndege ya ATR 72 ya shirika la Tuninter iliondoka Bari, Italia, kuelekea Djerba, Tunisia. Siku moja kabla, mafundi walibadilisha kipimo chake cha mafuta kilichoharibika, wakatia kile cha ATR 42. Ndege hizi ni za ukoo mmoja, na wanaosafiri na Precision Air nyumbani wanazijua zote mbili. Kifaa kiliingia vizuri katika nafasi yake na tarakimu zikawaka. Lakini matangi ya ndege hizo hayafanani, na kipimo kikaonyesha mafuta mengi ambayo hayakuwamo. Injini zote mbili zilizima juu ya bahari karibu na Palermo. Kati ya watu 39, walifariki 16.

Mwaka 2010 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa utafiti juu ya ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizoundwa baina ya 2002 na 2006, baadhi zikiwa na skrini na nyingine na vipimo vya mishale. Utafiti ulihusu zaidi vipimo vya urukaji kuliko vya injini. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini ajali zao zilizoua zilikuwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba hutumika kwa safari ndefu na katika hali mbaya ya hewa. Hata hivyo bodi ilisisitiza kwamba rubani afundishwe chombo kile kile alichonacho, pamoja na namna kinavyoharibika.

Kwa anayeamua kubadilisha, yapo mambo madogo ambayo husahauliwa. Kipimo cha zamani cha mizunguko kina kihesabu cha saa ndani yake, na matengenezo yote yamefuata hesabu hiyo. Siku kinapong'olewa, saa zake ziandikwe daftarini kabla hakijatupwa. Uzito wa ndege uandikwe upya. Muulizeni fundi umeme ukikatika ni kipi kitakachobaki kusema, na kama skrini ina betri yake. Safari ya kwanza ifanywe mchana, bila abiria, kwa kuzunguka juu ya uwanja. Na kabla ya kuwasha injini, skrini iwe na rangi nzuri namna gani, rubani na apande juu ya bawa, afungue kifuniko cha tangi, achovye kijiti cha kupimia petroli, na alinganishe alama ya unyevu na tarakimu.