Ultrasaundi si ya mimba peke yake

Weka vidole viwili shavuni, juu kidogo ya pembe ya taya, kisha kaza meno. Kinachotuna hapo ni maseta, mmoja wa misuli mikubwa ya kutafunia. Mkoani Simiyu msuli huu una kazi. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, hayaliwi kwa haraka. Anayeyatafuna makavu taya humuuma kabla tumbo halijajaa.

Akina mama wa Bariadi wanaijua ultrasaundi kwa kumtazama mtoto tumboni. Mashine hiyohiyo hupima na taya, mradi iwe na kichwa cha kutazama vitu vilivyo karibu na ngozi. Mtu hulala chali, hupakwa jeli shavuni, na kichwa cha mashine huwekwa juu ya msuli bila kukandamizwa, maana ukikandamizwa hubonyea na kipimo kinaharibika. Kwenye kioo mfupa wa taya huonekana kama mstari mweupe uliokolea. Juu yake umelala msuli, mweusi mweusi wenye michirizi myeupe. Unene hupimwa mara mbili: taya likiwa limetulia, kisha meno yakiwa yamekazwa. Kwa mtu mzima huwa kama sentimita 1 hivi, na akikaza meno huongezeka milimita kadhaa. Hakuna mionzi wala sindano.

Kwa viumbe wa kale kipimo kama hicho hakiwezekani. Jirani yetu, kwenye bonde la Olduvai, Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Utosini ana tuta la mfupa ambalo misuli ya kutafunia ilijishikiza. Misuli yenyewe ilioza zamani. Watafiti wanaikadiria kwa alama ilizoacha. Mwaka 2016 watafiti Katherine Zink na Daniel Lieberman walionyesha katika jarida la Nature kwamba kula nyama, na kukata na kuponda chakula kwa mawe, kungewapunguzia watu wa kale utafunaji kwa asilimia 17 na nguvu ya kung'ata kwa asilimia 26.

Sisi tunao watu walio hai. Wilayani Meatu, kuelekea bonde la Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanachimba mizizi yenye nyuzi ngumu kiasi kwamba huitafuna, humeza utomvu na kutema makapi. Hapohapo mkoani wako watoto wanaolelewa kwa uji, wali na mkate laini. Msuli hunenepa kwa kazi na hukonda kwa kukaa bure, na tofauti hiyo inaweza kupimwa kijijini kwa mashine ya kubeba mkononi, kwa ridhaa ya wenyewe.

Hospitalini faida yake iko karibu zaidi. Shavu lililovimba watu husema ni jino au matubwitubwi, kumbe pengine ni maseta iliyokua kwa kusaga meno usingizini. Ultrasaundi hutenganisha msuli na tezi ya mate. Mzee aliyepoteza magego, msuli wake hukonda, na daktari anayemtengenezea meno ya bandia angenufaika kuujua unene wake.

Shida ni kwamba vipimo vingi vinavyotumika kulinganishia vimetoka Ulaya na Asia. Mkulima wa pamba wa Itilima aliyekua kwa matobolwa alinganishwe na mkulima mwenzake. Mkoa unaweza kuanza na wagonjwa wanaokuja kliniki za meno: upande wa kulia, upande wa kushoto, taya limetulia, meno yamekazwa, pamoja na umri na chakula cha kila siku.