Ng'ombe wamepungua, ndege wamebaki: Somo la wafugaji wa Texas

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI anapolazimika kuuza ng'ombe kwa sababu ya ukame, mara nyingi hubaki na ardhi isiyomwingizia chochote. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, wapo wanaobaki na ndege, na ndege hao wanawalipa.

Siri ipo kwenye jiografia. Katikati ya Texas hupita mstari wa longitudo 100 magharibi, ambako mvua hushuka hadi kiasi cha milimita 500 kwa mwaka. Mashariki yake kuna misitu na majani mengi; magharibi ni vichaka vya miiba na nusu jangwa. Ndege wa pande zote mbili hukutana hapo katikati, na kuanzia Novemba hadi Machi huongezeka wengine wanaokimbia baridi ya kaskazini.

Mfano mzuri ni ndege wawili wa majani, wenye kifua cha njano na alama nyeusi shingoni kama mkufu. Mmoja ni wa mashariki, mwingine wa magharibi. Wanafanana kiasi kwamba John James Audubon, alipompa yule wa magharibi jina la kisayansi mwaka 1844, alimwita "neglecta", yaani aliyepuuzwa. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni sauti, lakini wakati wa baridi huimba kwa nadra. Kwa mtazamaji wa ndege, kitendawili hicho kinatosha kumfungisha safari na darubini yake.

Sasa tuje kwenye fedha. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, hivyo mgeni akitaka kuona ndege, mara nyingi hana budi kubisha hodi kwa mwenye shamba. Baadhi ya wafugaji wamejenga vibanda vya kujificha kando ya madimbwi, na wapiga picha hulipia kukaa humo kwa siku. Wengine hukodisha vyumba na kuuza chakula. Huko kusini, kwenye bonde la mto Rio Grande, utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wa mwaka 2011 ulikadiria kuwa utalii wa ndege na viumbe wengine uliingiza zaidi ya dola milioni 460 kwa mwaka.

Sheria nayo imesaidia. Mwaka 1995 wapiga kura wa Texas walikubali kwamba mwenye ardhi ambayo tayari inapata nafuu ya kodi ya kilimo aendelee kuipata hata akiacha ufugaji, ili mradi atunze wanyamapori wa asili. Anatakiwa kufanya angalau mambo matatu kati ya saba: kutunza mazingira yao, kuzuia mmomonyoko, kudhibiti wanyama waharibifu, kuweka maji, kuongeza chakula, kujenga makazi, au kuwahesabu. Kodi haishuki zaidi ya ile ya mfugaji, lakini ukame mkali kama ule wa mwaka 2011 ukija, anaweza kupunguza mifugo bila kupoteza nafuu hiyo.

Hata hivyo, si kila shamba litavuna. Aliyefyeka vichaka vyote hana cha kuonyesha. Aidha, mgeni hataki kelele wala mbwa wanaozurura. Anataka maji, kivuli na mwenyeji anayejua ndege wake.

Je, sisi huku tunahusikaje? Afrika Mashariki tunao ndege wa majani wenye kifua cha njano na mkufu mweusi kama wale wa Texas, ingawa si ndugu zao. Mazingira yanayofanana ndiyo yaliyowavisha sare moja. Mmoja wao, anayepatikana Kenya tu, anategemea majani ya nyanda za juu kama Kinangop, kwenye mashamba ya wakulima, na anatoweka kadiri majani yanavyolimwa.

Ndugu mkulima, kabla hujaingiza jembe kwenye kipande cha mwisho cha majani, kaa pembeni asubuhi moja uhesabu ndege wanaotua hapo. Huenda una mali ambayo hujaipigia hesabu.