Mtoto wa Kikundi Anataka Udaktari: Tununue Vitabu Gani?

Kila shule zikifungwa vikundi hutuuliza swali moja. Mtoto wa mwanachama yuko kidato cha tatu au cha nne, anafanya vizuri, na anasema anataka kuwa daktari. Wanachama wamekubaliana kutoa kitu kidogo kwenye hazina wamnunulie vitabu vya "mtihani wa udaktari". Sasa mweka hazina yuko na pesa mkononi na hajui aende duka gani, aulize nini.

Jambo la kwanza: hapa Kenya, mtoto anayetoka sekondari na kupangiwa chuo kupitia KUCCPS hafanyi mtihani mwingine wa kuingia udaktari. Mlango ni KCSE. Marekani wana mtihani wao uitwao MCAT, lakini huo hufanywa na watu waliokwisha kusoma chuo kikuu. Vitabu vyake huonekana wakati mwingine ndani ya masanduku ya msaada na hata kwenye vibanda vya vitabu kuukuu, vinene, vya kupendeza macho. Mtoto wa kidato cha nne havimsaidii kitu.

KUCCPS huangalia mambo mawili: jinsi mtoto alivyopita kwa jumla, na jinsi alivyopita katika masomo manne ya kundi lake. Kwa udaktari masomo hayo ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha, yaani Kiingereza au Kiswahili. Pointi za kundi huhesabiwa juu ya 48. Kusoma digrii yoyote kunahitaji angalau C+, lakini kwa udaktari wanaoshindania nafasi ni wengi na mara nyingi wanaozipata ni wenye A au A-. Kwa hivyo kikundi kinachonunua vitabu vitatu vya Biolojia na kusahau Hisabati na lugha kinamvuta mtoto nyuma bila kujua. Tena tangu 2023 wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Hisabati haikwepeki.

Kabla ya kununua chochote, mwulizeni mtoto afungue sanduku lake. Serikali ilianza 2018 kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na huenda tayari anacho kitabu cha kila somo la sayansi. Kununua kingine cha kiada cha somo hilohilo, kwa sababu tu kimetoka kwa mchapishaji mwingine, ni kulipa mara mbili. Mambo ya mtaala ni yaleyale. Kama hana, au wanashiriki watoto watatu kitabu kimoja, hapo ndipo mnunue cha kiada kwanza, na kiwe kimeidhinishwa na KICD.

Baada ya kitabu cha kiada, kitu tunachokiweka mbele ya vingine vyote ni ripoti ya KNEC. Baraza la mitihani hutoa ripoti ya KCSE ikiwa na maswali yenyewe, majibu yaliyotarajiwa, na maelezo ya mahali watahiniwa walipokosea. Wazazi wengi hawajapata kuisikia. Walimu wanaijua, na shule nyingi zinazo nakala ofisini, kwa hivyo anzeni kwa kuomba kwa mwalimu wa somo kabla ya kutuma mtu Nairobi kuinunua. Faida yake ni kwamba inamwonyesha mtoto maki hupotelea wapi. Chukueni mfano wa jina la kisayansi la mahindi, Zea mays. Neno la kwanza lianze kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, na kwa mkono kila neno lipigiwe mstari wake peke yake. Mtoto anayajua mahindi tangu azaliwe, ameyalima, lakini asipoandika hivyo anakosa maki. Mambo ya namna hiyo hayajifunzi kwa kusoma kitabu kinene usiku kucha. Hujifunza kwa kujibu, kusahihishwa, na kujibu tena.

Ndiyo maana karatasi za mitihani ya nyuma zinafuata mara moja. Hapa kuna tahadhari. Mtaala ulirekebishwa 2002, na KCSE ya kwanza ya mtaala huo ilifanywa 2006. Karatasi za kabla ya hapo zina mada zilizoondolewa, na mpangilio wake si wa leo. Mkiona kitabu kinajisifu kuwa na mitihani tangu 1989, jueni sehemu kubwa ya uzito wake ni karatasi tu.

Dukani msichukue kitabu kwa jalada. Nendeni na mwalimu, au kijana wa kijiji aliyemaliza juzi akapita vizuri. Afungue swali moja la hesabu ya moli katika Kemia. Kama jibu linaonyesha tarakimu ya mwisho peke yake, rudisheni. Mtihani hutoa maki kwa hatua, na mtoto anayejisomea nyumbani bila mwalimu atajuaje alipopotoka? Halafu aangalie michoro. Katika nakala zilizochapwa kwa wizi mishale hufifia, na herufi za kuonyesha sehemu za ua au figo hazisomeki. Mwisho ahesabu kama karatasi zote za kila mwaka zipo. Biolojia ina tatu: ya kwanza maki 80, ya pili 80, na ya vitendo 40. Kemia na Fizikia ni hivyohivyo. Hisabati ina mbili, maki 100 kila moja. Vitabu vingi huacha ile ya vitendo kwa sababu ni taabu kuichapa.

Na hiyo ya vitendo ndiyo inayotuuma zaidi. Maki 40 kati ya 200 ni moja ya tano ya somo, na hakuna kitabu kinachoweza kuyaleta. Mtoto wa shule ya kutwa isiyo na maabara ya maana anaweza kusoma titresheni mara mia, kisha siku ya mtihani akashika bureti kwa mara ya kwanza akiwa anatetemeka. Jedwali lake lina maki ya kulijaza lote, ya kuandika vipimo kwa idadi ileile ya desimali, ya kukaribia kipimo sahihi, na ya kutafuta wastani wa vipimo vinavyokaribiana. Haya mkono huzoea kwa kurudia. Kama kikundi chenu kina pesa za vitabu vitano, sisi tungesema nunueni vitatu, na zinazobaki mzungumze na mwalimu mkuu wa shule jirani yenye maabara, mchangie kemikali, na watoto wenu waingie huko Jumamosi chache muhula wa pili. Walimu wengi wa Kemia hukubali wakiona wazazi wamekuja wenyewe.

Kitu kimoja msikiguse. Kila ikifika Oktoba, simu hujaa watu wanaouza "karatasi halisi". Mwaka 2015 mitihani ilivuja vibaya, na Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa. Tangu hapo matapeli wanaishi kwa jina la kisa hicho. Mara nyingi anachotuma ni karatasi ya moku ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe. Na hata ingekuwa ya kweli, mtoto akipatikana nayo matokeo yake yanafutwa, na sheria inaweza kumfunga.

Mtoto akikosa pointi za udaktari, vitabu hivi havijapotea. KMTC huchukua wenye wastani wa C kwa diploma kama ya uuguzi au ya afisa wa kliniki, ingawa kila kozi ina alama zake inazotaka katika Biolojia na masomo mengine, na somo la Biolojia ni lilelile.

Kuhusu kununua vingi vya kuweka akiba, hapana. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, na watoto walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4, watakaofanya KCSE 2027. Walio nyuma yao wanafuata mtaala mwingine na mtihani mwingine, wakianza Gredi ya 10 mwaka 2026. Kitabu cha kiada cha Biolojia bado kitamfaa mtoto wa njia ya sayansi kusoma juu ya moyo au jani, lakini rundo la karatasi za KCSE halitakuwa na mnunuzi. Kwa hivyo seti moja kwa kikundi inatosha. Ipigwe muhuri, iandikwe kwenye daftari la katibu, na watoto waiazime kwa wiki mbili mbili. Majibu wayaandike kwenye daftari zao, si ndani ya kitabu.