Ekari ni kintu gani?

Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza bado haijaanguka, tulikaa chini ya mwembe upande wa Kapolowe tukisoma orodha ya mbegu mbele ya wanakoperative. Orodha ilitoka kwenye telefone: jina la mtu, ukubwa wa shamba, kilo za mbegu ya muhindi atakazopewa. Tulipofika kwa mama mmoja tukasoma: kilo 10. Akasimama.

"Kilo kumi? Mie shamba yangu iko hekta moja."

Tukamwonyesha fishe. Imeandikwa ekari moja. Akatuangalia. "Ekari ni kintu gani?"

Watu wakacheka, sisi hatukucheka. Fishe ile hatukuitunga wenyewe. Tuliipata kwa wenzetu wa Kenya, ilikuwa nzuri, imepangwa vizuri kwa ajili ya muhindi, na kule watu wanahesabu kwa ekari. Tulibadilisha majina ya vijiji na aina za mbegu, lakini neno "ekari" likabaki. Vijana wetu walipouliza "shamba ni ngapi?", mtu alijibu "moja", akimaanisha hekta kama kila mtu huku kwetu. Telefone ikaandika ekari moja. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Sasa fanya hesabu: kwa hekta tunahitaji karibu kilo 25 za mbegu, kwa ekari kilo 10. Kama tungetuma agizo kama lilivyokuwa, watu wangepata chini ya nusu ya mbegu, nasi tungegundua wakati mvua imeshafika na bei ya mbegu imepanda Likasi.

Yule mama alikuwa na kaye yake, vipimo vyote vimeandikwa kwa bic. Wengine nao wakaleta kaye zao. Ilituchukua siku mbili kupitia majina moja moja, kwa sababu wachache walikuwa wamejibu kwa ekari kweli. Walifanya kazi Zambia na wanaijua. Kwa hiyo hatukuweza kuzidisha tu namba zote. Lakini fishe yenyewe tuliirekebisha jioni ile ile, Likasi, kabla umeme haujakatika. Tulifungua faili yake, ambayo ni jedwali la kawaida kama la Excel, tukafuta "ekari", tukaandika "hekta", tukaongeza swali la pili la kuhakikisha: "Hekta moja, kweli?" Asubuhi telefone zote zilikuwa na fishe mpya.

Hilo la kuirekebisha wenyewe ndilo tunataka kulizungumzia hapa, kwa sababu zamani hatukuwa nalo.

Miaka iliyopita koperative moja tuliyofanya nayo kazi ilikuwa na programu ya kulipiwa. Ilikuwa nzuri kuiangalia, yenye rangi. Majina ya wanachama, mavuno, madeni ya mbegu, vyote vilikuwa ndani. Leseni ililipwa na mradi, mwaka kwa mwaka. Mradi ukaisha. Siku moja sekretere akafungua ordinatere akakuta ukurasa unaomba pesa kwa dola, na nyuma ya ukurasa huo misimu mitatu ya koperative. Hatukuibiwa, mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo, na sisi agronomu tulikuwa tumeusoma vibaya. Madeni yalirudishwa kwa kukumbuka na kwa kubishana. Watu wawili hawasalimiani hadi leo kwa sababu ya magunia manne.

Tofauti ya programu hizi mbili kila mkulima anaijua, ila kwa jina lingine. Mbegu ya muhindi wa haibridi unainunua kila sezoni. Ukirudisha punje zake shambani mwaka wa pili, mavuno yanapungua. Muhogo hauko hivyo. Jirani akikuomba fimbo za muhogo unamkatia, anapanda, naye kesho anamkatia mwingine. Hakuna anayerudi kwako kuomba ruhusa. Kuna programu ambazo waliozitunga waliamua ziwe kama muhogo: maandishi ya ndani, yale yanayoiambia mashine ifanye nini, yamewekwa wazi, kila mtu ana ruhusa kuyasoma, kuyabadilisha na kumpa mwenzake. Kwa Kifaransa shuleni tulizijua kwa jina la "logiciel libre". Haibridi haina ubaya, tunaipanda na tunaipendekeza. Lakini mtu ajue anapanda nini.

Programu tunayotumia kwa fishe ni KoboToolbox, na historia yake iko karibu na sisi kuliko wengi wanavyofikiri. Waliouanzisha mradi huo, Patrick Vinck na Phuong Pham, walikuwa watafiti waliokwenda kaskazini ya Uganda, halafu mashariki ya Kongo, kuwauliza watu walioishi vita wanataka nini. Karatasi zilikuwa nyingi na barabara mbaya, ndipo wakatafuta njia ya kuchukua majibu kwenye mashine ndogo ya mkononi. Jina lenyewe, kobo, ni neno la Kiacholi, maana yake kuhamisha.

Lakini hawakujenga kila kitu toka chini. Mwaka 2008, katika chuo kikuu cha Washington huko Seattle, mwalimu Gaetano Borriello na wanafunzi wake walianza kutengeneza programu iitwayo Open Data Kit, ODK kwa kifupi. Kazi zake za mwanzo zilifanyika Kenya, upande wa Eldoret, ambako wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na telefone kupima ukimwi. Watu wa ODK waliacha maandishi yao wazi, watu wa Kobo wakayachukua, wakaongeza ya kwao. Programu tunayofungua shambani kwenye telefone, KoboCollect, ni mtoto wa ODK Collect. Mtu akikata fimbo kwa jirani haitwi mwizi.

Na baadaye? Borriello alifariki mwaka 2015. ODK Collect ikatoka mikononi mwa chuo, waliokuwa wanafunzi wakaendelea nayo nje. Inafanya kazi hadi leo. Tulipolijua hilo tulifikiria ule ukurasa wa dola. Pale mradi ulipoisha, kila kitu kilifungwa. Huku mwenye kuanzisha alikufa, chuo kikaacha, na shamba bado linalimwa, kwa sababu fimbo zilikuwa zimeshagawanywa kwa wengi. Watu wa nchi mbalimbali, wengine walimu, wengine wa mashirika, wengine wanafunzi tu, wanaandika kila wiki: hapa pana kosa, hapa rekebisheni, hili neno kwa lugha yetu si sahihi. Si wote wanajua kuandika programu. Wengi wanajua tu kuona kosa. Mama wa Kapolowe angekaa vizuri kati yao.

Tuseme kuhusu maneno, maana hapo ndipo tulijifunza zaidi. Fishe za Kobo zinakubali lugha nyingi kwa pamoja: katika lile jedwali unaweka safu moja ya Kifaransa, nyingine ya Kiswahili, na anayeuliza anachagua. Safu ya Kiswahili tuliyoipata iliandikwa "viwavijeshi", na ni Kiswahili safi, hatuna ugomvi nacho. Tulitaka kujua nani ameona yule mdudu anayetoboa majani ya muhindi na kuingia katika moyo wake, aliyefika Afrika mwaka 2016 akasambaa haraka mpaka huku. Vijana wakasoma "viwavi". Mzee mmoja akajibu vizuri kabisa: ndiyo, viko vingi mwaka huu, huko porini kwenye miombo, vitamu sana, watoto wanauza barabarani. Tukaandika "ndiyo". Wengine wangapi walijibu hivyo? Hatukujua, na swali lote tukalitupa.

Sasa safu yetu inasema "kilulu cha ndani ya moyo wa muhindi", na tumeweka picha, kwa sababu fishe inakubali picha. Kiswahili cha Katanga hakikuwa katika programu hiyo, sasa kimo, angalau katika fishe zetu. Fishe hiyo tumeipeleka kwa koperative mbili jirani. Moja imeturudishia na marekebisho: wameongeza safu ya Kibemba, na wamesema swali letu la mbolea halieleweki. Ni kweli, tulichanganya mbolea ya dukani na ile ya ng'ombe.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulijibu vizuri siku ile ya kwanza, na mzee aliyeuliza alistahili jibu. Fishe inachukua alama ya mahali: unasimama shambani, telefone inasoma satelaiti, inaandika shamba liko wapi. Mzee akauliza: "Ile alama munachukua mu shamba yangu, inaenda wapi? Nani ataiona?" Tukamjibu kwamba programu iko wazi, haina siri. Tulifikiri tunamtuliza. Kumbe tulimwogopesha, na alikuwa na haki. Huku kwetu, kati ya Likasi na Kambove, kila kilima kina mtu anayekiangalia kwa ajili ya shaba na kobalti. Mtu aliyeona shamba la ndugu yake likizungushiwa waya hawezi kutoa alama ya shamba lake kama anavyotoa jina.

Jibu sahihi ni hili. Programu kuwa wazi na habari zako kuwa wazi ni vitu viwili mbalimbali. Jembe kila mtu anajua linavyotengenezwa, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuingia shambani kwako. Maandishi ya Kobo kila mtu anaweza kuyasoma; majibu yenu wanayasoma wale tu waliopewa ruhusa kwenye akaunti ya koperative, isipokuwa mwenye akaunti aamue kuyafungua. Majibu hayo yanakaa kwenye seva ya mbali, nje ya Kongo. Asiyeridhika na hilo anaweza kufunga programu ile ile kwenye mashine yake mwenyewe, sheria inamruhusu, lakini inahitaji umeme wa uhakika na mtu anayejua, na sisi kwa sasa hatuna vyote viwili.

Tuliirudia fishe. Swali la alama si la lazima tena. Mtu akikataa, fishe inaendelea. Wengine walikataa. Wengine, baada ya kuzungumza, walitaka alama ichukuliwe, na kwa sababu ile ile ya madini: sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mwenye kibali alipe fidia kwa wanaolima ardhi anayoichukua, na siku hiyo mwenye karatasi inayoonyesha shamba lake lilikuwa wapi na lilikuwa na nini anaongea kwa nguvu kuliko asiye nayo. Alama peke yake si hati ya ardhi, tuliwaambia hivyo. Kila aliyekubali alipewa nakala iliyopigwa chapa. Na wakati wa kuzunguka mpaka wa shamba, telefone inapima pia ukubwa. Kwa hekta inatosha, kwa kipande kidogo inakosea sana, afadhali kamba.

Limebaki la akaunti. Tulipoanza, tuliifungua kwa jina la agronomu mmoja wetu, kwa anwani yake, kwa sababu ilikuwa haraka. Yaani tulitoka kwenye programu iliyofungwa na kampuni, tukaingia kwenye programu ya wazi iliyofungwa na sisi. Agronomu akihamishwa, je? Sasa akaunti ni ya koperative. Neno la siri liko kwenye bahasha kwa mweka hazina, na jingine kwa prezida. Kila mwisho wa mwezi sekretere anashusha majibu yote kwenye flashi, anapiga chapa orodha ya madeni, anaiweka pamoja na kaye. Kaye hazitupwi. Bila kaye tungekuwa bado tunagawa kilo kumi kumi. Jambo jingine: akaunti ya bure ya Kobo ina kikomo cha majibu na cha nafasi ya picha, kwa hiyo picha ishirini za kilulu kimoja si lazima.

Vijana wanne wa koperative, wawili ni wanafunzi wa hapa Likasi, sasa wanajua kuandika fishe toka mwanzo. Mmoja ameanza kuhesabu mavuno kwa R, programu iliyozaliwa kwa walimu wawili wa chuo kikuu cha Auckland, nayo ni ya bure na ya wazi. Sisi tulipokuwa shuleni tulihesabu kwa nakala za wizi za programu za bei kali, zilizojaa virusi, na mashine ikikwama usiku wa kuamkia kutetea kazi yako hakuna wa kumlalamikia.

Mwezi wa tano, muhindi ukikauka, tutapita na fishe ya mavuno. Rasimu yake inasomwa sasa kwa sauti katika mikutano ya vijiji, swali kwa swali. Mpaka leo imeshakosolewa mahali sita. La sita lilitoka kwa yule mama: tuliandika "magunia mangapi?", akauliza gunia la kilo ngapi, maana la mnunuzi na la kwake hayalingani.