Ufunguo wa dada wa kazi na riwaya zinazonyima usingizi

Chumba anachopewa Millie kiko darini, na mlango wake unafungwa kwa nje. Ametoka jela, amekuwa akilala ndani ya gari lake, hivyo anakubali kazi za ndani kwa familia tajiri ya Long Island, Marekani, bila maswali mengi. Hivyo ndivyo inavyoanza The Housemaid, riwaya ya Freida McFadden iliyotoka mwaka 2022 na kutengenezewa filamu mwaka 2025.

Mama mmoja wa watoto watatu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, aliimaliza kwenye simu kwa siku mbili. Ni mpenzi wa riwaya za taharuki za kisaikolojia, zile ambazo hofu haitoki kwa jambazi mwenye panga bali kwa mtu unayekula naye meza moja. Hii, anasema, ilimtoa kitandani usiku kwenda kuangalia mlango wa dada wa kazi nyumbani kwake. Kitasa kilikuwa kizima. Ufunguo, hata hivyo, ulikuwa kwenye fungu la mwenye nyumba tangu binti huyo afike, miezi minane iliyopita. Asubuhi alimkabidhi.

Anachokipenda ni kwamba Millie anasimulia mwenyewe. Katika tamthilia nyingi dada wa kazi huja kuleta chai au kuiba mume. Hapa ndiye mwenye macho. Jingine ni majirani wanaomnong'ona Nina, mke wa tajiri, kuwa ni kichaa. Neno hilo likishatamkwa, kila analosema mwanamke halihesabiki tena. Mwisho wa kitabu anauona wa haraka mno, kama dereva wa daladala anayekimbizana na hesabu ya bosi.

The Silent Patient ya Alex Michaelides, ya mwaka 2019, haikumfurahisha hivyo. Mchoraji Alicia Berenson anampiga mumewe risasi tano, kisha hasemi neno kwa miaka. Mtaalamu wa tiba ya saikolojia, Theo Faber, anaanza kuwazungukia ndugu zake kuchimba siri. Binti wa msomaji huyu ana miaka 15 na alikisoma kabla yake, naye anahofia atadhani ushauri nasaha ndivyo ulivyo. Hofu hiyo ina msingi. Mtaalamu hutakiwa kutunza siri ya mteja, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Na wengi wenye matatizo ya akili hawamdhuru mtu yeyote.

Kitabu kilichomliza ni The Push cha Ashley Audrain, cha mwaka 2021. Blythe amejifungua binti, Violet, na hahisi upendo alioahidiwa. Anamwambia mumewe kuna kitu hakiko sawa. Mume anajibu kuwa anajitungia. Msomaji alipitia jambo linalofanana na hilo kwa mtoto wa pili, akaambiwa ni uchovu, apumzike.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Huzuni, kukosa hamu na mtoto, au kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, vikizidi wiki mbili, mama amweleze muuguzi, hata siku ya kliniki ya kupima uzito wa mtoto. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pale ambapo riwaya inadokeza kuwa ubaridi wa mama unarithiwa kutoka kwa bibi, msomaji alikasirika, akaweka simu chini kwa wiki nzima. Yuko sahihi kukasirika: historia ya familia huongeza uwezekano wa sonona, lakini haimfungi mtu, na sonona inatibika.

Mdogo wake ana mimba ya miezi saba na ameomba kuazima The Push. Amemnyima. Nakala ya karatasi, aliyoipata kwa muuza vitabu vya mitumba, amempa shemeji yake aisome kwanza.