KABLA KIKUNDI HAKIJACHANGA KARO YA UUGUZI



Majuzi tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Tetu. Jambo la mkutano lilikuwa moja tu. Binti wa mwanachama alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepata gredi ya C, na anataka kuwa nesi. Mama mmoja akasema, "Kama si digrii, pesa zetu zibaki kwa sanduku." Mwingine akasema kuna chuo anachokijua, kinachukua mtu yeyote bila maswali mengi, kwa hivyo mtoto apelekwe upesi kabla nafasi hazijaisha.

Tuliwaomba wangoje wiki mbili. Tunaijua familia iliyouza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili kijana wao asomee uuguzi. Baada ya miaka miwili ikajulikana ya kwamba masomo yale hayatambuliwi na Baraza la Wauguzi. Kijana yuko nyumbani hadi leo, na shamba halirudi. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu.

Kazi zenyewe ni zipi?

Wengi wetu tukitaja kazi ya hospitali tunafikiria daktari na nesi peke yao. Lakini mzee aliyepatwa na kiharusi anahitaji watu zaidi ya hao.

Muuguzi humtunza mchana na usiku, humpa dawa, na huona mapema hali ikibadilika. Mtaalamu wa tiba ya viungo, anayeitwa fiziotherapisti, humnyoosha mkono na mguu na kumfundisha kutembea tena. Mtaalamu wa tiba ya kazi humfundisha mambo ya kila siku: kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko, hata kukama. Huyu pia huwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo. Tena yuko fundi wa viungo bandia, anayetengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kusaidia miguu dhaifu.

Hebu hesabuni kijijini kwenu. Ni wangapi wameumizwa na bodaboda? Ni wangapi wamepooza upande mmoja? Ni watoto wangapi wanaofichwa ndani ya nyumba kwa sababu hawawezi kutembea? Mkimaliza kuhesabu, mtaona kwamba mnaposomesha mtoto mmoja mnawafikiria pia hao wote.

Njia ni nyingi, mlima ni mmoja

Wapanda mlima wetu hupitia Naro Moru, au Sirimon, au Chogoria, na wote huweza kufika Lenana. Uuguzi nao una njia zaidi ya moja.

Njia ya diploma huchukua kama miaka mitatu. Mtoto huhitaji gredi ya C, awe na C katika Bayolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, pamoja na angalau C- katika Hesabu, Kemia au Fizikia. Upande huu wa mlima kozi hiyo hufundishwa katika vyuo vya hospitali kama Consolata Mathari, Tumutumu, Chogoria na Nkubu, na pia KMTC ya Nyeri.

Njia ya digrii ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Hapa huhitajika C+ kwa jumla, na C+ katika Bayolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Digrii ya uuguzi hufundishwa karibu nasi katika vyuo vikuu vya Dedan Kimathi, Karatina, Chuka na Kenya Methodist kule Meru. Kwa tiba ya viungo, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja kina digrii, na KMTC ya Nairobi ina diploma.

Aliyeanza na diploma hajafungiwa mlango. Akishasajiliwa na kufanya kazi, anaweza kurudi chuo kikuu kuongeza digrii. Sisi tunaoandika haya tulisoma diploma, na hakuna mama mwenye shida aliyewahi kutuuliza karatasi kabla ya kutufungulia mlango.

Maswali matano ya kuuliza kwanza

1. Je, chuo kimo katika orodha ya Baraza? Kwa uuguzi ni Baraza la Wauguzi. Kwa tiba ya viungo ni Baraza la Wanafizioterapia, lililowekwa na sheria ya mwaka 2014. Msiulize chuo peke yake. Ulizeni Baraza lenyewe.

2. Je, mwanafunzi ataandikishwa kwa Baraza anapoanza masomo na kupewa namba? Asipoandikishwa, hatafika kwenye mtihani wa leseni.

3. Je, atafanyia mazoezi hospitali gani? Uuguzi haujifunzwi kwa daftari peke yake.

4. Je, gharama yote ni ngapi mpaka mwisho? Ulizeni kwa maandishi: karo, sare, chakula, malazi, ada ya mitihani na ya usajili. Mwaka wa kwanza huwa rahisi kuchangiwa. Mwaka wa tatu ndio watu huchoka.

5. Je, tumejaribu misaada mingine? Bodi ya mikopo ya HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, hukopesha wanafunzi, lakini ni deni, litalipwa. Kuna basari za kaunti na za CDF pia. Kikundi kizibe pengo linalobaki.

Masharti hubadilishwa mara kwa mara. Kabla ya kulipa shilingi moja, thibitisheni.

Pesa za kikundi

Lipeni moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, wala si mkononi mwa mtu. Andikeni kwenye daftari la mkutano kama huo ni mkopo au ni zawadi. Tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya neno hilo moja.

Wengine huuliza, "Na akienda Uingereza?" Ni kweli, Kenya na Uingereza zilipatana kuhusu wauguzi mwaka 2021. Ni kweli pia kwamba tangu huduma za afya ziende kwa kaunti mwaka 2013, wengi hungoja kazi kwa muda mrefu. Semeni na mtoto waziwazi mapema. Hata hivyo, msimfunge kwa kiapo.

Tusidharau nguvu zetu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake Desemba 2012, kilianza katika miaka ya 1970 kama taasisi ya harambee. Waliochanga hawakuwa matajiri. Na katika uwanja huohuo, tarehe 23 Mei 2015, Sista Irene Stefani alitangazwa Mwenye Heri. Alikuwa muuguzi, na alikufa Gikondi mwaka 1930 kwa ugonjwa aliouambukizwa na mgonjwa aliyemhudumia.

Kile kikundi cha Tetu kilikutana tena. Walikuwa wamepiga simu kwa Baraza, na kile chuo cha haraka hakikuwa kwenye orodha. Wamekubaliana binti aombe nafasi ya diploma, na sehemu ya bonasi ya majani chai iwekwe kando kila mwaka. Yule mama wa digrii ndiye aliyechaguliwa kutunza daftari.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani kijijini kwetu anahitaji muuguzi au tiba ya viungo sasa hivi, na anaipata wapi?

2. Tukianza kumsomesha mtoto, tutaweza kumfikisha mwisho?

3. Nani kati yetu atapiga simu kwa Baraza, na atatuletea jibu lini?